Barua ya wazi kuhusu ufuo wa Mombasa: safari hii pimeni na maji ya ndani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, wakuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na wataalamu wote mtakaopewa kazi ya kutathmini hatari ya bahari katika mji huu.

Assalaam aleikum, na salamu za heri kwenu nyote.

Tathmini za ufuo wa Mombasa zinakuja na kwenda. Mradi huu unaleta ramani yake, mradi ule unaleta yake, na nyingi huishia kabatini. Sina ugomvi na wataalamu. Nimekula mkate wangu miaka mingi kwa kupima ardhi, na najua kupima mahali ambapo maji hayatulii kulivyo kugumu. Ombi langu ni kwamba safari ijayo tathmini isiishie Nyali, Bamburi na Ngome ya Yesu. Ipimeni na pwani ya ndani, kwenye hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu: hori ya Tudor, Makupa, Port Reitz, kuzunguka hadi Mtongwe. Tena ipimeni kwa maji ya bamvua, yaani maji makuu ya kujaa, yaliyokutana na mvua, kwa sababu hivyo ndivyo mji huu unavyofurika.

Tuanze na jabali, maana ndilo linalotudanganya. Kisiwa cha Mombasa, na sehemu kubwa ya Nyali na Likoni, ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe. Upande wa bahari kuu jabali hilo limesimama magenge, mita kadhaa juu ya maji. Unaweza kukaa Mama Ngina jioni ukila mihogo yako ya kukaanga, chini yako kusi inapiga, na wewe huna habari. Mbele zaidi kuna mwamba hai unaovunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Sisemi upande huo hauna shida. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe yetu, na mwamba usiokua hauwezi kufuatana na bahari inayopanda. Kule Bamburi na Shanzu wenye viwanja wamejijengea kuta. Wimbi likigonga ukuta linarudi na mchanga, kisha linakwenda kumchimba jirani asiye na ukuta. Chini ya Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga Wareno 1593 na ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia 2011, umejengwa ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Ni jambo la kushukuru. Lakini ngome ina wasemaji wengi, na hoteli zina mawakili.

Ingieni ndani sasa. Piteni Mji wa Kale, mpite chini ya daraja la Nyali, mfuate hori ya Tudor mpaka Mishomoroni, Junda, Mikindani na Jomvu Kuu. Magenge yanapungua, jabali linapotea, na badala yake kuna tope, mikoko na udongo wa kujazia. Huku mikoko ndiyo ukuta. Uchunguzi uliolinganisha hali ya 1992 na ya 2009 ulikuta hori ya Tudor imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na hori ya Mwache upande wa Port Reitz karibu nusu. Mingine ilikatwa kwa kuni na boriti. Mingine iliuawa na tope lililoshushwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, kwa sababu mizizi ya mikoko hupumua juu ya ardhi, na ikifunikwa mti hufa umesimama. Palipokuwa na mchu na mkandaa leo pana nyumba, nyingine za mabati na nyingine za ghorofa, na zote zimekaa mahali ambapo maji yalikuwa na mazoea ya kufika.

Mvuvi yeyote wa hapa atawaeleza bamvua bila kufungua kitabu, lakini kwa vile barua hii inakwenda hadi maofisi ya bara, nitasema. Kilindini maji hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na kwa takriban mita 1 tu wakati wa maji mafu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kilele chake kwetu huangukia karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, kikichelewa kila siku inayofuata. Zilizo kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Sasa tazameni kalenda: bamvua za Machi na Aprili zinakutana na mwanzo wa mvua za mwaka, na zile za Septemba na Oktoba zinapakana na vuli.

Nendeni siku kama hiyo mkasimame kwenye mdomo wa mtaro wowote unaomwaga horini. Saa nane mchana maji meusi yanateremka vizuri, yamebeba chupa za plastiki, maganda ya madafu, kandambili moja isiyo na mwenzake. Kufikia saa tisa na nusu yanapunguza mwendo. Kisha yanasimama kabisa, takataka zote zinatulia na kuzunguka mahali pamoja. Halafu zinaanza kurudi. Ile kandambili inapanda mtaro kuelekea mjini. Mvua ikinyesha wakati huo, hata ya kawaida, haina pa kwenda. Inajaa barabarani, inaingia mlangoni, inainua kilichomo chooni na kukileta sebuleni. Saa mbili baadaye maji ya bahari yakipwa, kila kitu kinateremka, na atakayekuja kukagua kesho asubuhi ataona mtaro mkavu na kuandika kwamba tatizo ni uchafu.

Uchafu upo, sikatai. Mitaro izibuliwe, na Katiba katika Jedwali la Nne imesema wazi kwamba mifumo ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti, kwa hivyo hapa hatuna sababu ya kuitazama Nairobi. Lakini mtaro uliozibuliwa ambao mdomo wake uko chini ya maji ya bamvua ni njia safi ya bahari kuingia mjini. Unahitaji mlango wa kujifunga maji yanaporudi, na mahali pa kuyahifadhi maji ya mvua kwa saa hizo chache. Huwezi kujua ni mitaro gani inahitaji milango hiyo kama hujapima urefu wa mdomo wa kila mmoja. Kazi hiyo haitaki setilaiti. Inataka vijana wanne, chombo cha kupimia na mwezi mmoja au miwili ya kutembea kwenye tope.

Waheshimiwa, mtaletewa kitu kinachoitwa kipimo cha udhaifu wa ufuo. Kinatumika dunia nzima, na si kibaya. Ufuo unakatwa vipande, kila kipande kinapewa alama ya 1 hadi 5 kwa mambo kadhaa: umbile la pwani, mteremko wake, kasi ya kupanda kwa bahari, kasi ya ufuo kuliwa au kujengeka, kimo cha mawimbi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa. Alama zinazidishwa, zinagawanywa kwa idadi ya mambo hayo, halafu unatafutwa mzizi wa pili. Kinachotoka ndicho kinachopakwa nyekundu, njano au kijani.

Tazameni kinavyoitendea hori ya Tudor. Ndani ya hori hakuna mawimbi ya maana, kwa hivyo alama ya mawimbi ni 1. Na kwa kuwa alama huzidishwa, kipande chenye 1 hapo kitapata chini ya nusu ya kile ambacho kingepata kama kingekuwa na 5, hata yote mengine yakiwa sawasawa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa nayo hupewa alama kwa namna inayoweza kumshangaza mtu wa Mombasa: tofauti ikiwa kubwa, hatari huhesabiwa kuwa ndogo. Mpango huo wa alama uliwekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa pwani zinazoogopa tufani. Huko wanasema kweli kwamba penye maji ya kupwa sana tufani lazima ibahatishe saa ya kujaa ndipo ilete madhara. Sisi tunayeishi naye si tufani. Ni kweli kimbunga Hidaya kilitua pwani ya Tanzania Mei 2024 na kikatukumbusha kwamba lolote linawezekana, lakini kinachotuzamisha mwaka hadi mwaka ni bamvua na mvua, na bamvua haibahatishi. Imeandikwa katika kitabu cha maji cha Mamlaka ya Bandari, siku na dakika, mwaka mzima kabla.

Kwa hivyo naomba wataalamu waongeze mambo yao mawili kwa ajili yetu: kimo cha mdomo wa mtaro ukilinganishwa na bamvua, na idadi ya watu wanaokaa chini ya kimo hicho. Wakifanya hivyo rangi zitahama. Nyekundu haitakuwa tena mbele ya hoteli peke yake.

Kuna jambo la kitaalamu zaidi ambalo lazima niliseme, mniwie radhi. Katika kikao kimoja cha maoni ya wananchi, sitaji kilikuwa cha nani, tulionyeshwa ramani nzuri sana. Niliuliza swali moja: sifuri ya ramani hii ni ipi? Kijana aliyekuwa akiwasilisha akanitazama kana kwamba nimeuliza jina la mama yake. Lakini swali hilo ndilo roho ya kazi yote. Sifuri ya kitabu cha maji cha bandari imewekwa karibu na maji yanapopwa kabisa, kwa usalama wa meli. Sifuri ya wapima ardhi imewekwa kwenye usawa wa wastani wa bahari. Kilindini sifuri hizi mbili zimepishana kwa karibu mita 2. Mtu akichukua kimo cha maji kutoka kitabu kimoja na kimo cha nyumba kutoka kingine bila kusahihisha, amekosea kwa kiasi kinachozidi kupanda kote kwa bahari kunakotabiriwa karne hii. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lilisema 2021 kwamba bahari ya dunia ilipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kufikia 2100, hewa chafu ikiendelea kumwagwa kwa wingi, itaongezeka kati ya sentimita 63 na 101. Mita moja, mbele ya kosa la mita mbili.

Ardhi yenyewe nayo imepimwa vibaya. Ramani nyingi za aina hii zimetumia vimo vilivyochukuliwa na chombo cha angani cha Marekani 2000, vyenye makosa ya mita kadhaa, na ambavyo huhesabu kilele cha mkoko au paa la nyumba kuwa ndiyo ardhi. Ndiyo sababu siwezi kutulia ninaposikia ile takwimu inayorudiwa tangu 2008, kwamba bahari ikipanda sentimita 30 asilimia 17 ya Mombasa itazama. Imekuwa kama dua, kila hotuba lazima iwemo. Ipi hiyo asilimia 17? Mtaa gani? Watafiti wengine walikadiria kwamba mwaka 2005 watu zaidi ya 190,000 walikuwa katika hatari ya mafuriko ya bahari ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 100, wengi wao kisiwani. Hilo lilinisaidia zaidi, maana angalau limetaja watu na mahali, lakini nalo halinionyeshi nyumba ya nani. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,208,333 katika kaunti hii. Wanastahili ramani inayojua kutofautisha ghorofa ya chini na ya pili. Ndege isiyo na rubani yenye leza inaweza kupima pwani yote ya ndani kwa usahihi wa sentimita chache, na wapima wetu wakahakikisha chini. Gharama yake haikaribii gharama ya ukuta.

Halafu Makupa. Tangu 1929 tuta la Makupa lilikuwa limekata maji kati ya upande wa Tudor na upande wa Port Reitz. Tangu 2022 tuna madaraja, na maji yanapita tena. Hili ni jema kwa samaki na kwa hori. Lakini maana yake ni kwamba vipimo vya ndani vilivyochukuliwa kabla ya hapo havifai tena kutegemewa peke yake. Kipimo cha maji cha Mombasa kiko Kilindini, kimekuwa hapo tangu 1986 kikiwa na mapengo ya hapa na pale, na kinatueleza ya Kilindini. Wekeni vingine viwili, kimoja Tudor na kimoja Jomvu. Na pale Kibarani, jaa la miaka mingi lililofungwa na kupandwa miti liko ukingoni kabisa mwa maji. Bustani ni nzuri kwa macho, ila chini yake kuna takataka za mji mzima, na mtu anapaswa kujua bamvua inafika wapi kwenye tuta hilo.

Sasa sheria, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha zilipo. Katiba, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji ya kujaa na maji ya kupwa ni ya umma. Kanuni za upimaji za 1994 zinasema ardhi ya serikali iliyopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji ya kujaa. Kwa kawaida. Kisha kanuni hizohizo zinampa Waziri ruhusa ya kuupunguza ukanda huo kwa sababu za maendeleo, na mwenye macho anaweza kutembea kutoka Likoni hadi Shanzu akahesabu ni wapi mita 60 zilisalimika.

Lakini hata tukisema wote wangetii, alama yenyewe ya maji ya kujaa iko wapi? Hati ya 1950 iliichora mahali ilipokuwa wakati huo. Bahari imesogea, hati imekaa. Kuna viwanja vilivyopakana na hori ambavyo mpaka wake wa chini, ukiufuata kwa chombo, unakupeleka kwenye maji ya kiunoni. Je, kipande hicho ni cha mwenye hati au ni cha umma? Na kama mwenye hati akikijaza kifusi usiku, amejenga kwake au amevamia bahari? Maafisa wa ardhi wanajibu hivi, wa mazingira wanajibu vile, na lori la kifusi halingoji jibu. Chorweni alama mpya ya maji ya kujaa ya bamvua kwa kaunti yote, bara na kisiwani, muitangaze katika gazeti rasmi la serikali, na kila kibali cha ujenzi kipimwe kutoka hapo. Ongezeni na kiasi cha bahari itakayopanda ndani ya umri wa jengo, maana ghorofa inayoanza leo itakuwa bado imesimama 2080.

Nina hofu moja, na siifichi. Ramani ikishatoka, nyekundu ikawa Moroto, Junda au Jomvu, kutatokea mtu wa kusema: hawa wahamishwe, wako hatarini. Tingatinga litakuja kabla ya mwanga, na miaka miwili baadaye mahali hapohapo patakuwa na ghala au nyumba za kupangisha zenye mandhari ya bahari. Tumeyaona. Kwa hivyo ramani ya hatari isitolewe kabla ya sheria ndogo ya kaunti inayosema kwamba ardhi itakayohamwa kwa sababu ya bahari inarudishwa kwa mikoko na haitauzwa wala kukodishwa kwa yeyote, na kwamba anayehamishwa anapewa mahali pa kukaa ndani ya mji, karibu na maji kama ni mvuvi. Mikoko inarudi ikiachiwa nafasi na ikipandwa na watu wanaoijua. Jirani zetu wa Gazi, kule Kwale, wanaitunza na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko huihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, tangu muongo uliopita, na fedha zinaingia kijijini. Vikundi vya Mikindani na Jomvu vimeshaanza kupanda. Vinahitaji maji taka yasimwagwe juu ya miche yao.

Na wenyeji waulizwe. Kila mtaa wa pwani ya ndani una mama anayejua maji yalifika ngazi ya ngapi Novemba 2023, na mzee anayekumbuka ya 1997. Ufuo una rekodi ya miaka mingi kuliko mashine ya Kilindini, ila imo vichwani. Mpima anaweza kuweka chombo chake kwenye ngazi ile ile aliyoonyeshwa akapata namba ya kuingiza kwenye hesabu. Fanyeni hivyo mapema, wazee hawangoji zabuni.

Naomba majibu ya mambo matatu. Ni tathmini zipi za ufuo wa kaunti hii zimekwisha kulipiwa kwa fedha za umma, na ziko wapi ili tuzisome? Ni midomo mingapi ya mitaro inayomwaga horini, na kimo cha kila mmoja ni kipi? Na ni vibali vingapi vya ujenzi au vya kujaza udongo vimetolewa ndani ya mita 60 za maji ya kujaa kuanzia Tudor hadi Mtongwe? Ibara ya 35 ya Katiba inanipa haki ya kuuliza, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Maombi rasmi nimeyapeleka masjala pamoja na nakala ya barua hii, na kama vipimo vyangu vya zamani vya ukingo wa Tudor vitawafaa, nitawapa bila malipo.

Wenu,
Mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Tudor, Mombasa